Dume Mpole wa Mwalimu Mbawala

Tunduru,
3 Julai 2024

Mwalimu Kajetani Mbawala,
Ruhuwiko, Songea.

Shikamoo Mwalimu.

Ninakuandikia barua kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuuliza habari za chumvi ya sungura, nawe ukanijibu kwa kirefu habari za mvua. Devota mwanao aliniambia simu siku hizi huzisikii vizuri, nikuandikie tu. Kondakta wa basi amekubali kuileta bahasha hadi stendi ya Songea.

Mwalimu, wale sungura wanane uliotuchagulia mwezi wa kwanza, majike sita na madume wawili, wamekua na wanakula kutushinda sisi. Lakini hawazai. Majike wote sita wamepandwa. Wote wamenyonyoa manyoya ya kifuani wakatandika viota, nasi tukakaa tukisubiri. Hakuna kitu. Hii ni mara ya pili.

Masharti ya mradi unayajua. Tarehe 15 Novemba wenye mradi wanakuja, na siku hiyo inabidi kikundi chetu kikabidhi kikundi cha pili, cha Bi Chiku, majike wachanga kumi na wawili walioacha kunyonya. Tusipokuwa nao, sungura wetu wote wanachukuliwa na kupelekwa kijiji kingine. Bi Chiku na wenzake wameshajenga mabanda ya mianzi. Kila akinikuta bombani ananiambia, "Katibu, mabanda yangu yameanza kuota utando wa buibui. Niwafuge hao buibui?"

Majibu yako nitayasoma mbele ya wanakikundi wote, kama tulivyozoea.

Mwanafunzi wako,
Mwanaheri Saidi,
Katibu, Kikundi cha Tupendane


Ruhuwiko, Songea,
9 Julai 2024

Mwanaheri mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea dirishani, jua la saa sita, na bado kwa taabu. Kalamu zenu za siku hizi zina wino mwepesi kama uji wa mgonjwa. Andika kwa herufi kubwa.

Sasa wakalishe akina mama, wanyamazishe, nami nieleze.

Ng'ombe ana siku zake, na mbuzi ana siku zake. Hata asipomwona dume mwaka mzima, yai lake litapevuka na kushuka siku ikifika. Sungura hana kalenda hiyo. Mayai yake hukua ndani ya vifuko vyake kwenye ovari, yakafika tayari, kisha yakakaa pale kama mahindi ghalani. Yakikaa sana yananyauka, na mengine yanachukua nafasi. Mlango wa ghala haufunguki mpaka jike apandwe. Akipandwa, habari inakwenda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Ubongo unaiamsha tezi ndogo iliyo chini yake, ndogo kama punje ya mtama. Tezi inamwaga homoni kwenye damu, homoni inafika kwenye ovari na kutoa amri. Baada ya muda wa saa kumi hadi kumi na mbili, mayai yanashuka. Mnaona? Kwa sungura, kupandwa ndiko kunakoshusha yai.

Basi, kama wamepandwa na hawazai, kuna mahali mnakosea. Nijibu mambo manne. Mnampeleka jike kwa dume, au dume kwa jike? Dume anapanda kweli, au anacheza? Tangu siku ya kupandwa hadi siku ya kunyonyoa manyoya ni siku ngapi? Na je, majike wanakaa pamoja au kila mmoja peke yake?

Manne. Si matatu.

Kajetani Mbawala


Tunduru,
20 Julai 2024

Shikamoo Mwalimu.

BARUA YAKO IMEFIKA. Nimeandika kwa herufi kubwa mstari huu mmoja nikaona daftari litaisha, kwa hiyo naomba uniwie radhi, naendelea kwa ndogo.

Dume tunayemtumia ni yule mpole. Utakumbuka mwezi wa nne nilikuandikia kwamba madume wawili hawapatani, mmoja anamkimbiza mwenzake kutwa nzima na kumng'ata shingoni. Ukatuelekeza tumhasi mgomvi na tumbakize mpole, kwa kuwa dume mpole huzaa watoto wapole. Tulimhasi mgomvi siku ileile barua ilipofika, akanenepa, tukamla Idi kubwa. Huyu Mpole, hilo ndilo jina lake sasa, anapanda kila jike aliyepo. Hana uvivu.

Tulikuwa tunampeleka dume kwa majike. Mzee Twaha anayetujengea mabanda alisema ndiyo desturi. Kwetu Uyaoni mwanamume ndiye anayehamia ukweni. Mwanamke habebi mkeka wake akamfuate mtu. Akina mama wote walikubaliana naye.

Tena kuna Muhsini, mwenye duka la dawa za mifugo. Anasema anayo sindano ya homoni ya kuamsha kizazi cha sungura, na moja tu inatosha. Akina mama wameanza kuchanga. Unasemaje?

Mwanaheri


Ruhuwiko, Songea,
22 Julai 2024

Mwanaheri,

Nilikuuliza mambo manne. Umenijibu mawili, ukaruka mawili, ukaniletea la tano ambalo sikuliuliza.

Nianze na hilo la tano. Homoni ipi? Muulize Muhsini, mbele ya watu, ni homoni ipi. Kuna ya kukuza mayai, kuna ya kuyashusha, kuna ya kutunza mimba, kuna ya kuivunja. Kusema "sindano ya homoni" ni kama kumwambia fundi akuletee "chuma". Na hata kama anayo ya kushusha mayai, jike wenu atashusha mayai, nani ayarutubishe? Mtakuwa mmefungua ghala siku isiyo na gulio. Rudisheni michango ya watu.

La desturi. Nawaheshimu Wayao na ndoa zao, lakini sungura hana kabila. Jike ana wivu na chumba chake. Ukimwingizia dume humo atamng'ata, na dume naye badala ya kufanya kazi atazunguka akinusa pembe zote. Jike apelekwe kwa dume, wapandane mara moja au mbili, arudishwe kwake. Mwambie Mzee Twaha kwamba katika jambo hili sungura ni Wangoni.

Sasa siku. Siku, Mwanaheri, siku! Mimba ya sungura ni siku thelathini na moja. Lakini sikilizeni jambo hili. Yai likishashuka, kile kifuko kilichobaki tupu kinageuka uvimbe mdogo wa rangi ya njano, nao unatoa homoni ya kuuambia mwili, "Tulia, una mimba." Hautazami kama mbegu zilifika au hazikufika. Mimba isipokuwepo, uvimbe unafanya kazi kama siku kumi na saba hivi, kisha unanyauka, na jike anadhani saa yake imefika. Ananyonyoa manyoya, anatandika kiota, hazai. Hiyo ndiyo mimba ya uongo.

Huletwa na dume tasa. Huletwa pia na jike mwenzake akimpanda, maana majike wakichangamka hupandana. Mlango wa ovari haujali nani amebisha hodi. Unachojua ni kwamba umebishwa. Ndiyo maana niliuliza kama majike wanakaa pamoja. Sikuuliza kwa kupenda kuuliza.

Hesabuni siku. Andikeni.

K. Mbawala


Tunduru,
14 Agosti 2024

Shikamoo Mwalimu.

Michango imerudishwa. Muhsini aliulizwa ni homoni ipi akasema ni "ya Ulaya".

Tumefanya ulivyosema. Majike walipelekwa kwa Mpole tarehe 24 na 25 Julai, kila mmoja akapandwa, tukahesabu. Wanne walinyonyoa manyoya siku ya kumi na saba, wawili siku ya kumi na nane. Kila jike ana chumba chake tangu mwanzo. Hakuna jike aliyekutana na mwingine. Wamekutana na Mpole tu.

Siku ya mkutano Bi Chiku alikuja. Huyu kabla ya kuwa mwenyekiti wa kikundi cha pili alikuwa mkunga, na hadi leo akina mama wengine humwita. Alimtoa Mpole, akamlaza magotini chali, akamwangalia. Baadaye akaniita pembeni.

Sasa Mwalimu, nimeagizwa nikuulize, kwa heshima zote, na si kwamba kuna mtu ana shaka. Je, dume huwa na chuchu?

Na la pili. Wiki hii Mpole naye amenyonyoa manyoya ya kifuani na kuyakusanya kwenye majani. Je, dume huweza kufanya hivyo kwa kuwaiga wenzake?

Wako katika kujifunza,
Mwanaheri


Ruhuwiko, Songea,
20 Agosti 2024

Mwanaheri,

Hatimaye siku! Kumi na saba na kumi na nane. Nilijua. Nimebeba mashaka haya tangu Julai, na ungenijibu mara ya kwanza tungekuwa mbali.

Kuhusu chuchu: dume anaweza kuwa nazo, ndogo, zisizo na kazi. Mimi mwenyewe ninazo, na sijawahi kumnyonyesha mtu. Kuhusu manyoya: dume hatandiki kiota. Kinachomnyonyoa manyoya ni ukurutu, unaletwa na utitiri. Mpakeni mafuta ya kula yaliyochanganywa na salfa na msiniletee tena habari za kuiga.

Kama huyo mkunga ana wasiwasi, mwambie hivi. Sungura wale wanane niliwakagua mimi, mmoja mmoja, kwa mikono yangu na macho yangu. Niliandika mwenyewe juu ya tenga: majike 6, madume 2. Nimefundisha ufugaji miaka thelathini na minne. Nyumbani huku nako Devota ameanza, eti nikapimwe macho, kwa sababu tu Jumapili nilimwamkia katekista nikidhani ni Padre. Walivaa nguo zinazofanana!

Basi jibu ni hili: dume wenu ni tasa. Anapanda, anabisha hodi, mayai yanashuka, lakini mbegu hana. Ni jambo linalotokea, si aibu ya mtu. Mchinjeni.

Nimemwandikia Bruda Joachim wa Hanga, niliyemfundisha zamani. Atawaazima dume la uhakika. Mtu wenu aende kumpokea Namtumbo barabarani. Fanyeni haraka. Wakipandwa kabla ya tarehe 4 Septemba, watazaa mwanzoni mwa Oktoba, na kufikia 15 Novemba watoto wana wiki sita. Hakuna siku ya kuchezea.

K. Mbawala


Tunduru,
6 Septemba 2024

Shikamoo Mwalimu, na Mungu akuzidishie.

Dume la Hanga limefika. Bruda Joachim alimleta mwenyewe hadi barabarani ndani ya kapu lenye kifuniko, akaniambia, "Mama, huyu hana adabu. Kapu usilifungue kwenye basi." Tarehe 2 majike wote sita wamepelekwa kwake. Bruda alisema kweli.

Kuhusu kumchinja Mpole, ilikuwa afanyiwe kazi hiyo Jumamosi, lakini Mzee Twaha alikuwa na msiba. Jumatatu yake kisu kilikuwa butu. Kisha Bi Chiku akaomba amchukue kwake amtibu ule ukurutu, kwa kuwa si vizuri kula nyama ya mgonjwa. Anaomba mwezi mmoja tu.

Anauliza pia, kwa kumbukumbu tu, iwapo Mpole akikutana kwa bahati mbaya na dume la Hanga, kutatokea nini?

Mwanaheri


Ruhuwiko, Songea,
12 Septemba 2024

Mwanaheri,

Watapigana! Ni nini kingine kinachotokea madume wawili wakikutana?

Kisu butu. Msiba. Ukurutu. Nimewafundisha vijana wavivu wa kila namna, na visingizio vyote hivi nilishavisikia kabla hujazaliwa. Zimebaki siku sitini na nne. Mnalisha majani mazuri mdomo usio na faida, wakati majike wenye mimba wanahitaji kushiba, maana jike aliyekonda ovari yake hulala na hata mimba hunyauka. Wapeni pumba, maji yasikauke, na banda lipate mwanga.

Na mumchinje huyo dume. Nimeliandika hili kwa herufi kubwa ili lisipotee: MCHINJENI. Sitaandika tena habari za Mpole.

K. Mbawala


Tunduru,
8 Oktoba 2024

Shikamoo Mwalimu.

Alhamdulillahi, siku ya thelathini na moja imetenda haki. Tarehe 3 majike wanne wamezaa. Wawili hawakushika. Watoto walio hai ni kumi na tisa. Akina mama walipiga vigelegele hadi watu wakadhani kuna harusi. Lakini Mwalimu, unajua hesabu kuliko mimi. Katika kumi na tisa, majike huwa nusu. Hawafiki kumi na wawili.

Sasa naomba kama umesimama, ukae.

Juzi, tarehe 6, Mpole amezaa watoto saba.

Ile "bahati mbaya" ilitokea tarehe 5 Septemba, siku moja kabla sijakuandikia. Ilitokea kwa mkono wa Bi Chiku, na mimi nilishika mlango. Tangu ile siku alipomlaza magotini alikuwa ameniambia: "Katibu, nimezalisha wanawake wa kijiji hiki miaka ishirini. Leo nishindwe kumtambua mwanamke kwa kuwa tu ana masikio marefu?"

Nikamwambia, "Lakini Mwalimu ameandika kwenye tenga."

Akasema, "Basi tulipandishe tenga."

Nilitaka kukuambia, Mwalimu. Kila nikianza, kalamu inakataa. Barua zako zinasomwa mbele ya watu sabini, na Mzee Twaha anakaa mbele. Ningesimamaje kusoma kwamba Mwalimu wetu amekosea? Ndiyo maana niliuliza habari za chuchu. Nilidhani ukiulizwa utajikumbusha mwenyewe. Na ulipoagiza achinjwe, usiku nililala najiona muasi.

Kuna neno jingine la Bi Chiku, nalo lilinichekesha hadi nikaogopa. Anasema yule mgomvi tuliyemhasi mwezi wa nne hakuwa akigombana na Mpole. Alikuwa anaposa.

Barua hii sijaisoma mkutanoni. Na jibu lako, ukipenda, nitalisoma peke yangu.

Mwanafunzi wako,
Mwanaheri


Ruhuwiko, Songea,
15 Oktoba 2024

Mwanaheri mwanangu,

Mwandiko huu ni wa Devota. Mimi nasema, yeye anaandika. Barua yako pia alinisomea yeye, kwa sababu nilipofika mahali pa "watoto saba" nilidhani nimesoma vibaya, nikampa. Akasoma. Nikamwambia arudie. Alirudia kwa sauti ambayo jirani alisikia. (Ni kweli alisikia. Devota.)

Siku mbili nilikuwa najibishana na wewe kimoyomoyo, na kila hoja niliyoitoa niliikuta imeshajibiwa, tena na mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba jike humpanda jike. Mimi ndiye niliyesema mlango haujali nani amebisha. Niliwaambia habari yote, nikasahau kuwatazama walio mbele yangu. Dume pekee mliyekuwa naye niliamuru ahasiwe. Jike mwema niliamuru achinjwe, mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa. Ungekuwa mtiifu kama ninavyopenda wanafunzi wangu wawe, leo kikundi chako kingekuwa kimekwisha.

Isome barua hii mbele ya wote. Mzee Twaha akae mbele. Kosa lililosomwa hadharani lisisahihishwe uchochoroni.

Wiki sita zikifika, watoto wasiletwe kwangu kukaguliwa. Awakague Bi Chiku. Mimi Jumatatu naenda kwa daktari wa macho. (Nimeshamshika neno. Devota.)

Kajetani Mbawala


Tunduru,
17 Novemba 2024

Shikamoo Mwalimu wetu.

Nilisoma mbele ya wote. Nilipofika mahali pa "mara mbili, ya pili kwa herufi kubwa," watu walicheka, kisha Mzee Twaha akasimama akasema, "Huyo ni mwalimu," akakaa.

Juzi wenye mradi walikuja. Bi Chiku aliwakagua watoto mmoja mmoja juu ya kanga, wao wakiandika. Wawili walikuwa wamekufa kabla ya siku hiyo, ndiyo ufugaji. Katika watoto wa majike wanne, majike wachanga walikuwa tisa. Tisa, Mwalimu. Ndipo wakaletwa watoto wa Mpole. Bi Chiku akamwinua wa kwanza: jike. Wa pili: jike. Wa tatu: dume. Wa nne: jike. Hapo tulishafika kumi na wawili, na vigelegele vilizidi hata sikusikia waliofuata.

Walikuwa kumi na watatu. Kumi na wawili wamekwenda kwenye mabanda ya mianzi. Bi Chiku ameniambia, "Katibu, buibui wamehamishwa." Wa kumi na tatu kikundi kimeamua awe wako. Yumo kwenye kapu hili, na kondakta ameahidi kumpa maji Namtumbo. Juu ya kapu tumeandika: JIKE 1. AMEKAGULIWA NA BI CHIKU.

Macho yanaendeleaje?

Mwanaheri


Ruhuwiko, Songea,
25 Novemba 2024

Mwanaheri mwanangu,

Sungura amefika salama, akiwa amekula nusu ya mfuniko. Daktari alinipasua mtoto wa jicho, na bandeji zilitolewa Ijumaa. Nilimpeleka sungura uani, nikamlaza magotini kama Bi Chiku, nikamtazama mwenyewe, Devota akiwa shahidi. Ni jike.

Kisha nikazitoa barua zako zote tangu Julai, nikazisoma upya, kwa herufi zilezile ndogo, jua likiwa limeshazama nyuma ya migomba.

Wino wa kalamu yako, mwanangu, haukuwa na kosa lolote.

Kajetani Mbawala